Gia Nane Zisizokuwepo

Hyundai Ioniq 5 N ina gia nane. Unavuta kipande kilicho nyuma ya usukani, gari linashtuka kidogo, mlio unashuka, sindano ya kwenye skrini inarudi chini kisha inaanza kupanda tena. Ukichelewa kubadilisha, injini inagonga kikomo cha mizunguko na kukatakata, dr-dr-dr, kama gari la mbio ambalo dereva wake amenogewa na gia ya tatu. Shida ni moja tu: hakuna gia. Hata injini haipo. Kuna mota mbili za umeme, betri ya kilowati-saa 84 chini ya sakafu, na programu inayojua kuigiza.

Usidhani ni kichekesho. Gari hili lilizinduliwa Goodwood, Uingereza, Julai 2023. Ukibofya kitufe cha nguvu ya ziada, kwa sekunde kumi linakupa kilowati 478, yaani nguvu za farasi kama 650 hivi. Linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4 na lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Watu wa Top Gear, ambao kwa miaka mingi walikuwa makuhani wa petroli, walilitangaza gari lao la mwaka huo wa 2023. Sijaliendesha, na sina rafiki wa kuniazima. Nimelisikiliza, hedifoni masikioni, video baada ya video, na nadhani linastahili kusomwa jinsi tunavyosoma filamu au riwaya humu. Lina watunzi, lina hadhira, na lina uongo ambao watunzi wake wanaujua na hadhira yake inaujua pia.

Fikiria kazi ambayo wahandisi walifanya. Mota ya umeme inatoa nguvu zake papo hapo, bila pengo, kutoka sifuri hadi mwisho. Injini ya petroli haiwezi hivyo. Ina sehemu ndogo ya mizunguko ambayo ndiyo tamu, na gia zilibuniwa ili kuisaidia ikae humo. Kwa hivyo gia ni gongo la kutembelea. Sasa wahandisi wamejenga kitu chenye miguu mizima, kisha wakakirudishia gongo. Kila mshtuko unaousikia ni nguvu iliyokatwa kwa makusudi. Mnunuzi analipia gari lizembee.

Mbona alipe? Kwa sababu bila gia hizo dereva hana cha kufanya ila kukanyaga. Ukiingia kona kwa gari la kawaida, sikio limekwambia tayari uko kasi gani: gia ya tatu, mlio wa juu, punguza. Mkono una kazi, mguu una kazi, sikio lina kazi. Gari la umeme likikimbia, kasi inakuja kama lifti ya jumba refu. Unajua umefika kwa kuangalia namba. Wale wa Hyundai walielewa kwamba mpenzi wa kuendesha hataki kufika haraka tu, anataka mizani. Nane, zinavyokwenda katika kipande cha shairi letu la kimapokeo. Hakuna anayemlazimisha mtunzi kuhesabu silabi, angeweza kusema hayo hayo kwa nathari na amalize mapema. Anahesabu kwa sababu kuhesabu ndiyo raha yenyewe.

Hapo nawavulia kofia. Gia za uongo za Ioniq 5 N ni uongo mzuri kwa maana zinampa dereva nafasi ya kukosea. Ukizembea, gari linakuaibisha. Mchezo usioweza kukushinda si mchezo.

Ila kuna mlio, na mlio ndio ulionifanya niandike.

Ugomvi wenyewe unaujua. Upande mmoja unasema gari la umeme lina kasi zaidi, basi, stori imeisha, nyinyi wa petroli mnalilia farasi. Upande wa pili unasema halina roho. Ukiwauliza roho ni nini watakuchezea video ya V8 ikiunguruma ndani ya handaki. Nimechoshwa na wote wawili. Wa kwanza wanadhani raha hupimwa kwa saa ya sekunde. Hawa wa pili wanazungumza kana kwamba petroli haijawahi kudanganya.

Imedanganya sana. BMW M5 iliyotoka 2011 ilikuwa na V8 ya turbo na bodi iliyozuia kelele vizuri mno, kiasi kwamba dereva alikuwa haisikii injini yake. Suluhisho? Wakacheza mlio wa injini kupitia spika za redio. Injini ya kweli iko mbele yako, na wewe unasikiliza nakala yake. Linganisha na Lexus LFA, iliyotengenezwa magari 500 tu kati ya 2010 na 2012. Toyota waliwaita Yamaha, haohao wa piano na magitaa, wawasaidie kupanga njia ambazo mlio wa V10 ungepitia hadi kwa dereva. Pale hapakuwa na spika. Walilitengeneza gari kama mtu anavyochonga zumari. Kwa hivyo mstari kati ya kweli na uongo haupiti katikati ya petroli na umeme. Ulishapinda zamani.

Na kama unataka ushahidi wa karibu zaidi, simama Outering usiku na usubiri Subaru.

Ule mlio wa dugu-dugu-dugu unaojulikana Nairobi nzima, hata na shosho asiyetofautisha Vitz na Probox, unatokana na kitu ambacho mhandisi anaweza kukiita kasoro. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kushoto, mbili kulia. Turbo imekaa upande mmoja. Moshi wa upande wa mbali unalazimika kusafiri kwa bomba refu kuliko moshi wa upande wa karibu, kwa hivyo mipigo haifiki kwa mpangilio sawa. Inachechemea. Kuanzia miaka ya 2000 Subaru wenyewe walianza kusawazisha urefu wa mabomba kwenye baadhi ya magari yao, injini ikapumua vizuri zaidi, na mlio ukapotea. Mashabiki walifanya nini? Wakanunua mabomba yasiyo sawa na kuyafunga tena. Walikuwa radhi kupoteza kilichoboreshwa ili warudishiwe kile kigugumizi.

Unaweza kuwacheka. Mimi siwacheki, kwa sababu kigugumizi hicho hakikuwekwa na mtu wa mauzo. Kinaeleza jambo la kweli kuhusu vyuma vilivyomo ndani: mpangilio wa silinda, mahali turbo ilipo, umbali ambao moshi umetembea. Mlio wa injini ni habari.

Nenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, umwone fundi akifanya kazi. Haanzi kwa kufungua. Anasema, washa. Kanyaga kidogo. Zima. Washa tena. Halafu ananyoosha mkono kila mtu anyamaze, na kwenye barabara ile kunyamaza ni muujiza. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, na anasikiliza kama daktari. Hapo anakwambia: inamisi, plagi moja imelala. Au mkanda unalia. Au, Mungu apishe mbali, imenoki, na wewe mwenye Subaru ya turbo unajua neno hilo lina bei gani. Hajaandika chochote na hajalipa leseni ya programu. Gari limesema, yeye kasikia.

Habari hiyo ilikuwa ya kila mtu, na hapa ndipo ugomvi wa petroli na umeme, jinsi unavyoandikwa huko Marekani na Ulaya, unapita mbali na sisi. Kule mpenzi wa magari ni mtu mwenye gari. Anazungumza kuhusu usukani wake, kona zake, Jumapili yake asubuhi. Nairobi wapenzi wengi wa magari hawana gari. Mimi sina. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo naishi kwa malipo ya makala moja moja, na mtu wa aina hiyo hanunui Impreza, anapanda mathree. Lakini nimekulia kwenye fleti iliyotazama barabara, ghorofa ya nne, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa najua kusikiliza. Tulikuwa tunakaa kwenye ngazi na mabeshte, tumefumba macho, tunataja. Hiyo ni Forester. Zii, hiyo ni Legacy. Hiyo Peugeot 504 ya mzee wa duka. Hiyo nganya ya Rongai imepotea njia. Aliyepata tano mfululizo alinunuliwa mandazi.

Hayo yote tuliyapata bure. Mwenye gari alilipia chuma, petroli, bima na fundi, na sisi tukapata mlio bila yeye kutaka. Hakuna aliyetuuliza tunaishi wapi wala tunalipwa ngapi. Ukisema gari la umeme linaua roho ya magari, mimi nitakuuliza: roho iliyokuwa inakaa wapi? Kwa dereva, roho haijafa, imehamia kwenye skrini na inachagulika. Kwa sisi wa ngazini, imefungiwa ndani.

Sisemi kwa mafumbo. Mfumo wa sauti wa Ioniq 5 N una spika kumi. Nane ziko ndani, mbili ziko nje. Dereva anachagua: mlio unaoiga injini ya petroli, mlio wa gari la majaribio la Hyundai yenyewe, au mlio uliotokana na ndege za kivita zenye injini mbili. Ndege ya kivita, buda, kwenye foleni ya Mombasa Road! Akiamua leo hataki kusikika, anazima. Mlio umekuwa kama wimbo kwenye simu yake. Ni wake. Fundi akiweka bisibisi sikioni atakachosikia ni spika.

BMW ndio waliolipeleka jambo hili mbali zaidi. Walimwajiri Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu, atunge milio ya magari yao ya umeme pamoja na mhandisi wao wa sauti Renzo Vitale. Huyu ni Zimmer aliyepata Oscar kwa muziki wa The Lion King, filamu iliyoufanya ulimwengu udhani Kiswahili chote ni maneno mawili. Nimeisikiliza milio hiyo. Inapanda, inapanuka, inakuacha ukingoja simba atokee juu ya mwamba. Ni mizuri, na haihusiani na chochote. Muziki wa filamu unakwambia uhisi nini. Mlio wa gari ulikuwa unakwambia kinachotokea, ukaachiwa mwenyewe jambo la kuhisi. Ukikanyaga i4 na kusikia kwaya ya mashine, umeambiwa kwamba wewe ni muhimu. Ungetaka kujua beringi ya gurudumu la nyuma imeanza kuchoka, kwaya haitakwambia.

Dodge walienda kinyume. Agosti 2022 walionyesha Charger ya umeme yenye kitu walichokiita eksozi, chumba kinachokuza sauti na kuitoa nyuma, hadi desibeli 126, sawa na Hellcat yao ya petroli. Angalau hawa walikumbuka watu wa nje. Lakini ni kelele iliyokuja kwanza, gari likatafutwa baadaye. Hakuna moshi unaotafuta njia wala mpigo unaochechemea. Wamarekani wenyewe hawakushawishika sana, na Dodge ikarudi kuwaahidi Charger yenye silinda sita na petroli. Kati ya hawa watatu, bado ningechagua Hyundai, kwa sababu mlio wao angalau umefungwa kwenye gia za kuigiza, unamsaidia dereva kuhesabu. Una kazi. Wa Zimmer ni pambo, na wa Dodge ni mtu anayepayuka kwenye harusi asiyoalikwa.

Sasa ngoja, kabla hujanipa kadi ya uanachama wa petroli.

Mlio ule wa bure ulikuja na moshi wa bure. Ghorofa ya nne tulipokea vyote viwili, na nguo nyeupe za mama zilipoanikwa kwenye kamba upande wa barabara hazikurudi nyeupe. Mtoto mchanga wa jirani hakuomba kuamshwa saa nane za usiku na Forester iliyotolewa kizuia mlio ili ipige baruti kwenye mteremko. Mgonjwa wa kitanda hakuomba. Na kuna wanawake wanaoujua mlio ule kwa sababu nyingine: gari linapunguza mwendo, dirisha linashuka, na hapo hakuna cha ushairi. Kitu cha umma si lazima kiwe kizuri kwa umma wote. Mtu akiniambia anausubiri kwa hamu usiku wa kwanza ambao barabara yake itakuwa ya umeme tupu, sina hoja ya kumpinga. Nitampa pole kwa miaka iliyopita.

Kuna hata mahali ambapo sheria imekubali kwamba mlio ni haki ya aliye nje. Vyama vya wasioona Marekani vilipigania jambo hili, kwa sababu mtu anayevuka barabara kwa masikio hawezi kulisikia gari la umeme likitambaa. Sheria ikapita huko. Umoja wa Ulaya nao ukaamuru kuanzia Julai 2019 kwamba aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti zikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa na zikirudi nyuma, na miaka miwili baadaye sharti hilo likaenea kwa magari yote mapya. Ndiyo ile sauti ya mluzi hafifu unayoisikia Nissan Leaf ikitoka kwenye maegesho. Haiigi V8 wala ndege. Inasema tu: niko hapa, naongeza mwendo, napunguza. Huenda ndio mlio wa kweli kuliko yote ambao gari la umeme limepewa hadi sasa, na hakuna mpenzi wa magari aliyewahi kuuandikia makala.

Haya si mambo ya mbali. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe, na mengi tunayoendesha yalianza maisha Japani. Hyundai ilirudi kuuza magari Japani 2022, na Ioniq 5 N imo. Iliyosajiliwa huko 2024 inaweza kushuka bandarini Mombasa hadi 2031. Itakuja imechoka kidogo, bei imepungua, na itaangukia mikononi mwa kijana fulani wa Utawala au Syokimau ambaye atataka kuifanya iwe yake. Ndivyo mapenzi ya magari yanavyofanya kazi hapa. Hatupokei gari jipya, tunapokea lililotumika, halafu tunaliandika upya. Impreza ya mhasibu wa Osaka inakuwa mnyama wa Thika Road.

Je, hii itaandikika upya? Bomba la Subaru unalikata kwa msumeno na kulichomelea. Gia nane za uongo ziko ndani ya programu iliyofungwa. Yule kijana hataweza kuongeza ya tisa. Hataweza kuufanya mlio uchecheme kwa namna yake, atachagua kati ya mitatu aliyopewa. Hapa ndipo hofu yangu ilipo, na si kwenye umeme wenyewe. Umeme wetu sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini, maji na upepo. Ukienda Safari Rally Naivasha, ile sherehe kubwa ya petroli iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, magari yanakimbia Hell's Gate, na mitambo ya Olkaria inatoa mvuke papo hapo. Kati ya 2022 na 2024 magari makubwa ya mashindano hayo yalikuwa na mota ya kilowati 100 pamoja na injini. Kwenye eneo la matengenezo yalipita kimya kwa umeme, na njiani yalinguruma. Mwaka 2025 mota zikaondolewa. Nilisikia watu wakishangilia uamuzi huo kana kwamba petroli imeshinda kombe. Mimi nilisikitika kidogo. Ule ukimya ulikuwa na vitu ndani yake, mawe yakigonga chini ya bodi, tairi zikitafuna changarawe, mambo ambayo injini huyafunika.

Kwa sababu mota ya umeme si bubu. Ina mluzi wake. Ina gia ya kupunguza mzunguko yenye meno, na meno hulia. Ina beringi. Wahandisi wanahangaika sana kuyaficha haya, kisha wanajaza nafasi na kwaya. Ningependa nisikie gari la umeme la mtu anayependa kuendesha ambalo limeacha vitu hivyo visikike, hadi nje, hadi ghorofa ya nne, kwa kiasi ambacho mtoto wa jirani anaweza kulala nacho. Likichoka lisikike limechoka.

Kuna fundi Grogan ambaye sasa anapokea Leaf zilizotumika. Nilimuuliza kama bisibisi yake imestaafu. Akanicheka. Akaweka ncha kwenye kasha la mota, mpini sikioni, gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yakizunguka polepole. Akaniambia beringi ya mota inasikika vizuri kuliko ya injini yoyote aliyowahi kuishika, kwa vile hakuna kelele nyingine ya kuificha, na akanipa mpini nisikilize. Ilikuwa nzima. Kilichomshinda ni kompyuta ya gari, ambayo alikuwa ameiunganisha na laptopu ya kuazima. Ilikuwa inadai nenosiri.